Waya Wenye Sikio

Mzee Pogoa hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata mitini, akiwa na msumeno mkononi, na likamganda mpaka watu wakasahau lile alilopewa na wazazi wake. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko: juu miti, chini malisho, na katikati nyumba ya matofali yenye baraza ya saruji iliyopasuka vipande vitatu. Kwa miaka thelathini na mitano alikata matawi ya kwake, ya majirani, ya uwanja wa shule, hata ya makaburini. Ukimkuta njiani na ngazi begani hukumwuliza anakwenda wapi. Ulimwuliza leo ni zamu ya nani.

Nitamsifu kwanza, kwa sababu huko mbele nitamsema, na kumsema mtu ambaye hujamsifu ni uonevu.

Alikuwa fundi kwelikweli. Mvua zikikatika, hakugusa mti mpaka magome yakauke. Baridi ikiingia ndipo alipopanda mitini. Alianza na matawi yaliyokufa, akaja kwenye yanayougua, akamalizia na yale yanayosuguana. Tawi nene alilichanja kwanza kwa chini, kisha akalikata kwa juu, lisije likaporomoka na kubandua gome mpaka kwenye shina. Kiangazi kikikaza alishusha matawi ya miti ya malisho na kuyapitisha kwenye mashine ya kukatakata majani, na maksai wake wakapata cha kutafuna wakati ng'ombe wa wenzake wanalamba vumbi. Majani ya mparachichi hayakukaribia hori hata kidogo, kwa sababu yanaua moyo wa ng'ombe. Mparachichi ulikuwa mmoja tu shambani, karibu na zizi, na matawi yake aliyachoma siku hiyohiyo aliyoyakata.

Lakini kilichomtofautisha na mafundi wengine wote kilikuwa waya. Matawi ya malisho aliyafunga mizigo mizigo kwa waya mwembamba uliobaki alipojenga uzio, akaibingirisha mizigo kwenye mteremko mpaka kwenye mashine. Watu wengine hufunga waya na kuacha ncha imesimama ikuchane suruali. Yeye aliusokota mara mbili, kisha akaipinda ncha irudi ndani, ikawa kijisikio cha duara. Mke wake ndiye aliyemfundisha, mwaka wao wa kwanza wa ndoa, baada ya kushona shati moja mara nne. "Ukirudi na tundu la tano," alimwambia, "kesho utavaa majani." Tangu siku hiyo, ukiokota waya wenye sikio popote pale, ulijua umetoka kwa nani.

Na waya huo ulikuwa na sheria. Kiunoni alining'iniza kopo la maziwa ya unga. Mizigo ilifunguliwa yote kabla mashine haijawashwa, kila waya ukaingia koponi, kisha akamwaga kopo chini na kuhesabu. Mizigo thelathini, waya thelathini. Ukikosekana mmoja, mashine haikuwashwa hata kama maksai wanalia kwa njaa. Ng'ombe hachagui kama mbuzi. Anazoa kwa ulimi na kumeza, na waya ukishafika tumboni hautoki. Unakaa mbele, jirani na moyo, ukimdunga kila anapohema. Mzee Pogoa aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana habari hii inaniuma kuisimulia.

Mke wake alipofariki, mzee alilala kitandani wiki saba akiangalia ukuta. Hakuugua kitu. Alikula vijiko viwili asubuhi na vijiko viwili jioni, ili tu wasimpigie kelele. Kilichomwinua ni msimu wa kupogoa. Asubuhi moja alisikia msumeno wa mtu mwingine kwa jirani, unakata vibaya, unakwama, unakata tena, akashindwa kuvumilia. Akavaa buti. Marehemu mke wake alikuwa amelijua hilo kabla ya wote. Siku zake za mwisho alimwita binti yao mdogo, kitinda mimba wao, ambaye nyumbani waliishia kumwita Kitinda, akamwambia: "Baba yako asikae chini. Akikaa chini anakufa. Nakuachia wewe."

Miaka miwili baadaye macho yakaanza kumsaliti. Muuguzi wa zahanati alimmulika kwa tochi, akamwambia ni mtoto wa jicho, yote mawili, na yanaweza kupasuliwa, ila kwa sasa ngazi aiweke kando. "Mimi nimekuja kupima presha," alimjibu, akavaa kofia yake akaondoka. Nyumbani hakumwambia mtu. Akajifanya hamnazo. Matawi akayatambua kwa kuyapapasa, watu kwa sauti zao, na waya wake kwa kulitikisa kopo. Ndiyo, kwa kulitikisa. Mtu aliyehesabu waya mmoja mmoja miaka yote hiyo, sasa aliinua kopo hadi sikioni, akalitikisa mara tatu, na likilia anavyotaka yeye, basi zimetimia. Alijiambia kwamba sikio lake limezoea. Watu wazima tunajidanganya kwa ustadi kuliko watoto, maana tumepata muda wa kujifunza.

Kitinda alikuwa amerudi nyumbani mwaka huohuo, na begi moja na bega lisiloinuka vizuri. Alikuwa ameolewa na dereva wa lori, mtu mcheshi sana mbele za watu. Mzee hakuuliza maswali. Alimwangalia binti yake akijaribu kuvua sweta kwa mkono mmoja, akaenda nje akapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Usiku ule hakulala, na asubuhi akamwita barazani.

"Mwanangu, huko hurudi."

"Sirudi, Baba."

"Kuna maksai wanane pale chini. Wachukue. Wanenepeshe kiangazi hiki mpaka mvua. Ukiwatoa salama, malisho ya chini ni yako, nitakuandikia kwa jina lako. Hata mimi nikifa, hakuna wa kukwambia toka."

Kitinda aliitikia kwa kichwa tu. Lakini kuanzia siku ile alitembea tofauti. Alikuwa mtu asiye na mbele wala nyuma, na sasa kuna ardhi inamsubiri upande wa pili wa kiangazi.

Wale maksai aliwalea kwa mkono. Kila Jumamosi aliwapitisha utepe kifuani kuwapima, akiandika kwa mkaa kwenye mlango wa zizi. Aliwaogesha dawa ya kupe kwa wakati, alisugua hori kila asubuhi kabla ya kuweka chakula kipya. Mmoja, mwekundu mwenye kidevu kilichoning'inia, alimpa jina la Mkurugenzi, kwa sababu aliingia zizini wa mwisho kila siku na wenzake wote walilazimika kumpisha. Mzee alipoambiwa jina hilo alicheka mpaka akakohoa. Hakuwa amecheka hivyo tangu msiba.

Kazi walivyogawana ni hivi: mzee juu, Kitinda chini. Mzee anakata, anafunga, anabingirisha, anafungua mizigo mwenyewe mbele ya mashine, anatikisa kopo, anasema "Haya." Kitinda anawasha. Hakuruhusiwa kugusa waya. Ilikuwa sheria ya kopo, na kopo ni la baba.

Mwezi wa pili wa kiangazi, maksai mmoja aliacha kula. Alisimama na mgongo umepinda, viwiko vya mbele vimetoka nje, na akakataa kabisa kuteremka. Kupanda alipanda polepole, kuteremka hakutaka. Siku ya tano akalala na hakuamka. Mzee alikuwa shuleni kwenye miti ya uwanja, kwa hiyo Kitinda alimwita mchuna ngozi wa machinjioni, wakampasua mzoga pale malishoni. Mzee aliporudi jioni walikuwa wameshafukia.

"Amekufa na nini?"

"Moyo ulijaa maji, Baba."

"Maji ya nini?"

"Sijui."

Alisema hivyo huku anakwangua udongo kwenye kucha zake. Mzee aliona kivuli tu cha binti yake kimeinama, akadhani ni huzuni.

Kesho yake Kitinda alikuja na kamba za katani, mviringo mzima, begani.

"Baba, mizigo tufungie kamba. Waya unakuchuna mikono."

"Mikono yangu imelalamika kwako?"

"Hapana, ila..."

"Kamba inaoza. Rudisha ulikoitoa."

Akairudisha. Ila kuanzia hapo, mzee akaanza kuona mambo yasiyompendeza. Alisema "Haya," na mashine haikuwaka. Anasikia tu majani yanachakarishwa. Alisogea, akamkuta binti amekaa chini mbele ya lundo, anapitisha mikono ndani yake tawi kwa tawi, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano. Jua linapanda, maksai wanalia.

"Unafanya nini?"

"Natoa miiba, Baba."

"Miti hii ina miiba lini?"

Kitinda akaendelea. Siku ya pili vilevile, na siku ya tatu. Mzee alianza kusema kwa majirani kwamba binti yake amekuwa mzito wa kazi, kwamba labda ndoa imemharibu. Alisema kwa utani. Majirani walichukua bila utani.

Kisha ikaja ile redio. Ilikuwa ya marehemu, kubwa, ya mbao, iliyokufa zamani lakini ikakaa juu ya kabati kwa heshima zote, na kitambaa chake juu. Mzee alikuwa na tabia ya kuigusa akipita. Asubuhi moja aliigusa, mkono ukazama ndani. Wavu wa mbele ulikuwa umetolewa, na spika haipo, waya zake za ndani zimening'inia.

"Nani ameifumua redio ya mama yako?"

"Mimi, Baba."

"Kwa nini?"

"Nilihitaji kitu ndani yake. Nisamehe."

"Umeuza?"

"Sijauza."

Hakusema zaidi ya hapo, na mzee hakuwa mtu wa kubembeleza jibu. Akaikalia ile hasira. Mimi nadhani kama angepaza sauti siku ile, ukweli ungetoka, na leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Wiki tatu baadaye maksai wa pili akavimba. Alivimba chini ya shingo na kifuani, pakaning'inia kama mfuko wa maji, na mishipa ya shingo ikasimama minene kama kamba. Mzee aliutia mkono kwenye uvimbe, kidole kikazama na kuacha shimo. Alikuwa amewahi kuona uvimbe wa namna hiyo mara moja maishani, kwa ng'ombe wa jirani aliyekula majani ya mparachichi. Akainama, akapapasa kando ya hori. Vidole vyake vikakutana na jani pana, laini. Akalisugua, akalinusa. Halikuhitaji macho.

"Umewapa nini hawa?"

"Majani ya kila siku, Baba."

"Hili ni nini?"

Alimsogezea jani usoni. Maksai alikuwa anakoroma nyuma yao, na majirani wawili walikuwa wameshasimama kwenye uzio, maana kelele za zizini huita watu.

"Upepo umelileta. Mparachichi si huo hapo?"

"Upepo! Na redio ya mama yako ilifumuliwa na upepo? Na kila asubuhi unakaa chini kama bibi harusi, mnyama analia njaa, mpaka mchana unachoka unawazolea chochote kilicho karibu! Nilikupa ng'ombe wanane. Nilikupa ardhi!"

"Baba, nisikilize kidogo. Tuingie ndani, tuongee sisi wawili."

"Sema hapahapa. Nani asiyejua?"

Kitinda aliwatazama majirani. Akamtazama baba yake, macho yale yenye ukungu yaliyokuwa yanatazama pembeni kidogo ya uso wake, upande ambao hakuwepo.  

"Sina la kusema."

"Basi huna la kukaa. Kwa mumeo ulishindwa, kwangu umeshindwa. Nenda ukashindwe kwingine."

Maneno yale yalitoka, na hakuna aliyeyarudisha. Jirani mmoja aliguna, mwingine akaangalia viatu vyake. Kitinda aliingia ndani, akatoka na begi lilelile moja. Alipofika kwa baba yake alisimama.

"Nakuomba kitu kimoja tu, Baba. Funga kwa kamba."

Mzee aliona anadhihakiwa. Akageuka akamshika maksai pembe.

Maksai yule alikufa kesho yake, wakamfukia bila kumpasua, kwa kuogopa sumu. Kazi ya zizi mzee akaibeba mwenyewe. Alikata, akafunga, akafungua, akatikisa kopo, akawasha. Dukani na njiani, kila aliyemuuliza alimwambia binti yake aliwalisha ng'ombe mparachichi. Baada ya siku kumi jirani alimletea habari kwamba Kitinda amerudi kwa dereva wa lori. "Ndiko alikochagua," mzee alisema. Alijua vizuri kwamba hakuwa ameachiwa la kuchagua. Alikuwa ameliona lile bega. Alisema hivyohivyo, kisha akalala na buti zake miguuni.

Mkurugenzi alikuwa wa tatu kuugua, naye akakataa mteremko.

Safari hii mzee hakungoja. Alimsukuma kwenye tela la trekta la jirani, akampeleka machinjioni akiwa bado anaweza kusimama, angalau nyama ipatikane. Machinjio yalikuwa jengo refu lenye sakafu inayoteleza na ndoano juu, mabomba yanavuja, harufu ya damu na dawa ya kuoshea. Mzee alisimama mlangoni na kofia mkononi. Alimsikia mkaguzi wa nyama akisema "Ngoja," kisha kisu kikikwaruza kitu kigumu.

"Mzee, sogea," mkaguzi alimwita. "Mnyama wako hana sumu yoyote. Hili ni tumbo lake la pili, hili lenye vyumba kama sega la nyuki. Kuna chuma kimetoboa hapa kikaingia kwenye mfuko wa moyo. Angalia, usaha mtupu. Nyama yote hii natupa."

Mzee hakuweza kuangalia. Akanyoosha mkono. Mkaguzi akamwekea kiganjani kipande cha waya, kirefu kama kidole, bado kina joto la mnyama. Kidole gumba cha mzee kilipita juu yake kutoka ncha moja. Katikati kikakuta msokoto, mara mbili. Mwishoni kikakuta sikio.

Akasimama pale. Kidole gumba kikarudi, kikapita tena.

Mchuna ngozi alikuwa anafuta kisu kwenye aproni yake, mtu mnene asiyejua kuzunguka maneno. "Kama ule wa yule wa kwanza," alisema. "Vilevile, na kitanzi mwishoni. Binti yako hakukuonyesha?"

"Wa kwanza?"

"Si nilimpasua mimi? Nilimpa mkononi. Aliutazama, akakaa chini kwenye nyasi. Akanishika mguu, ananisihi nisikwambie. Anasema baba akijua ni waya wake, atateremka mitini, na akiteremka tunamzika. Nikasema haya, mambo ya nyumbani kwenu hayo. Nilidhani kufikia sasa ameshakwambia mwenyewe."

Mzee Pogoa alirudi nyumbani kwa miguu. Trekta lilikuwa linamngoja, akalisahau. Alipofika hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akapiga magoti, akaanza kuipapasa kama anavyopapasa mti, kutoka juu kwenda chini. Chini ya mdomo wa mashine, pale majani yaliyokatwa yanapotokea, mkono wake ulikutana na kitu chenye manyoya. Manyoya makali. Akavuta, kikagoma, kikang'ang'ania chuma cha mashine. Akavuta kwa mikono miwili kikabanduka. Ilikuwa sumaku nene ya mviringo, sumaku ya spika, na vipande vya waya vilikuwa vimesimama juu yake pande zote mpaka hapakuwa na nafasi ya kushika kingine.

Akakaa chini palepale mahali Kitinda alipokuwa akikaa. Akavivua kimoja kimoja na kuviweka juu ya kofia yake. Alivihesabu kwa vidole, kwa sauti, bila haraka, kama alivyotakiwa kuhesabu tangu mwanzo. Vilikuwa sitini na vitatu. Ishirini na sita vilikuwa na masikio. Alipomaliza akalia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, na maksai watano waliobaki wakainua vichwa kumtazama.

Nimesema nitamsema, na sasa sina hamu. Wiki ile alifanya yote ambayo mtu anaweza kufanya baada ya kuchelewa. Alipita nyumba kwa nyumba, akavua kofia kila mlango, akasema: "Nilisema uongo juu ya mwanangu. Ng'ombe nimewaua mimi. Sioni." Wengine walimpa kiti, wengine walisema si kitu. Alinunua kamba. Aliipeleka ngazi kwa jirani ikae huko. Akaenda kwa karani wa ardhi na mashahidi wawili, malisho ya chini yakaandikwa kwa jina la Kitinda, hati ikapigwa mhuri. Akaikunja ndani ya mfuko wa nailoni, akauweka kifuani pamoja na ule waya, akapanda gari la abiria kwenda mji anakoishi dereva wa lori.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji, yenye geti la bati na ardhi nyeusi kwa mafuta machafu. Lori lilikuwepo. Alibisha. Zikaja hatua alizozijua, ila moja ilikuwa nzito kuliko nyingine.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Geti lilifunguka upana wa mtu mmoja. Hakumwona uso. Aliona tu kwamba amejifunga mtandio mpaka kidevuni, na aliisikia sauti inatoka upande mmoja wa mdomo, kama ya mtu anayeuguza jino. Akatoa waya kifuani, akamnyooshea.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia? Nimekutukana mbele za watu, umekaa kimya!"

"Ulilala wiki saba, Baba. Mama aliniachia wewe. Nilidhani nitawahi. Nilidhani nitazitoa waya zote kabla hawajameza."

Mzee alitaka kusema jambo kubwa. Alikuwa ameliandaa njia nzima. Likapotea. Akatoa hati.

"Malisho ya chini. Jina lako limo. Chukua begi twende."

Ndani mtu alikohoa, kiti kikasogezwa. Kitinda aliirudisha ile hati kifuani mwa baba yake, akaisukuma ndani ya koti mpaka ikakaa.

"Kaa nayo wewe. Huyu akiiona si yangu tena."

"Basi twende bila hati. Twende hivihivi."

"Ameshasema nikitoka safari hii atanifuata hukohuko nyumbani."

"Aje!"

"Akukute wewe peke yako, Baba? Umtambue kwa sauti?"

 Mzee alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, na mikono ya kukatia miti mia. Hakujua aipeleke wapi.

"Wamebaki wangapi?" Kitinda aliuliza.

"Watano."

"Unafunga kwa kamba?"

"Kwa kamba."

"Na sumaku?"

"Nimeisafisha. Nimeirudisha palepale."

"Usiwalazimishe mteremko. Akikataa mmoja, mwite daktari siku hiyohiyo."

"Nitamwita."

"Nani huyo?" sauti ya kiume iliuliza kutoka ndani, kwa ucheshi.

"Ni Baba. Anaondoka." Kisha akamsogelea mzee, akamfunga kifungo cha koti juu ya ile hati, taratibu, kwa mkono mmoja. "Rudi, Baba, kabla jua halijazama. Huoni vizuri."

Hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyewahi kumwambia hivyo usoni.

"Naam," alisema.

Alisikia komeo la geti. Alisimama kidogo akisikiliza, kisha akaanza kutembea kuelekea barabarani, mkono mmoja ukipapasa ukuta wa gereji.